Kizimba cha Cheche

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na mtu aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe alitegemea kukutana na mwanamume. Badala yake alifika mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, ngazi begani kama mwingine anavyobeba mwavuli. Wenye nyumba wengine walichungulia nyuma yake wakimtafuta fundi. Yeye aliwaacha wamalize kuchungulia, kisha akauliza kwa upole, "Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Kabla ya kazi hii alikuwa mpiga pasi hotelini. Chumba cha pasi kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na ukutani kulikuwa na feni moja tu ya kutoa mvuke nje. Mashuka yaliingia kama mlima, yakatoka yamekunjwa, na mlima mwingine ukaingia. Wenzake walianza kulalamika joto likishazidi. Yeye aliinua kichwa mapema akasema, "Hiyo feni imeanza kuchoka," hata kabla haijabadilisha sauti. Shingo yake, iliyohisi upepo umepungua, ndiyo iliyomwambia. Hakujua kwamba hicho ni kipaji. Alidhani kila mtu ana shingo ya namna hiyo.

Akaolewa na kinyozi, mtu mpole mwenye vidole laini na maneno mengi. Pamoja na mume akapata baba mkwe, fundi wa viyoyozi aliyezeekea juu ya ngazi. Huyo watu walimwita Mzee Geji, kwa sababu geji yake ya kupimia gesi ilining'inia shingoni kutwa nzima, na mara nyingine aliketi nayo mezani kula. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, na kazi yake hakuna aliyeitaka. Mkubwa ndiye huyo kinyozi. Mdogo alikuwa karani, na hata akipanda kiti kubadilisha balbu alishikwa na kizunguzungu.

Magoti ya Mzee yalipoanza kugoma, hakumwambia mtu. Mkwewe ndiye aliyemfumania. Alikuwa amempelekea chakula kazini, akamkuta ameketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi, spana mkononi, anaitazama mashine iliyoko juu ukutani kama mtu anayelitazama basi lililomwacha.

"Baba, nipe hiyo spana," akasema. "Wewe niambie tu nishike wapi."

Mzee akageuza uso pembeni. "Mkwe wangu, watu watasemaje?"

"Watasema mashine imepona."

Ndivyo ilivyoanza. Wiki iliyofuata Mzee Geji akamnunulia ovaroli. Kwa kuwa baba mkwe hawezi kumuuliza mke wa mwanawe vipimo vya mwili, alikisia, na kwa heshima akakisia kwa mbali sana. Ovaroli ile wangeweza kuingia wawili na nafasi ikabaki. Mkwe akakunja mikono, akakunja miguu, akajifunga kamba kiunoni, akashukuru. Kazini Mzee alishika ngazi huku amempa mgongo, macho barabarani, anatoa maelekezo kwa sauti kubwa: "Legeza ile ya kushoto. Taratibu. Sasa pangusa." Wapita njia waliodhani anaongea peke yake walimwonea huruma.

Alijifunza haraka, kwa sababu jambo lenyewe alikwisha kulielewa zamani chini ya ngazi za hoteli. Mashine ya ndani inakusanya joto la chumba. Mashine ya nje inalitupa. Hiyo ya nje ina koili iliyozungukwa na mapezi membamba ya bati, na feni inayovuta hewa nyuma, inaipitisha kwenye mapezi na kuisukuma mbele ikiwa ya moto. Hewa ikipita vizuri, kila kitu kinakwenda. Ikizibwa, kompresa, pampu inayosukuma gesi, inahangaika, inachemka, mwishowe inajizima ili isife, na mwenye nyumba anampigia fundi simu kusema gesi imeisha. Fundi Baridi alikuwa amekuta mapezi yamezibwa na vumbi, na manyoya ya paka, na majani makavu. Mara moja alikuta shati zima limenyonywa likaganda pale nyuma. Mwenye shati alilifurahia kuliko alivyofurahia baridi.

Miaka ikapita namna hiyo. Mzee akabaki nyumbani na magoti yake, geji ikahamia shingo nyingine, na ovaroli ikapelekwa kwa mshonaji ikapunguzwa. Sasa Fundi Baridi alikuwa na wateja wake, alikuwa na jina lake. Kisha akaitwa na Mama Keki.

Mama Keki alikuwa mpambaji wa keki, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyotulia kabisa hata mdomo ukiwa umechachamaa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kwenye kona ya jengo la ghorofa: meza ndefu nyeupe, kabati la kioo, mikebe ya rangi, na mistari ya tepe za kufungia maboksi imening'inia ukutani, nyekundu, samawati na dhahabu. Keki alizipamba kwa krimu, na krimu haitaki joto. Asubuhi chumba kilikuwa baridi hadi wateja wanajikunyata. Ikifika alasiri, jua likiwa limekaza, kiyoyozi kinaanza kupuliza hewa vuguvugu, kisha mashine ya nje inanyamaza. Maua ya krimu yaliyokuwa yamesimama yanaanza kulala.

"Wamekuja mafundi, wamekwenda," Mama Keki alimweleza. "Wa kwanza akasema gesi imepungua, akaongeza. Wa pili akasema imezidi, akatoa. Wa tatu akasema jengo ndilo bovu. Nikamwambia basi ukarabati jengo."

"Mimi nitaanza na mashine," Fundi Baridi akasema. "Jengo tutalifikia tukikosa."

Mashine ya nje ilikuwa kwenye uchochoro wa pembeni, chini, imekaa juu ya matofali. Na ilikuwa ndani ya kizimba. Fundi Baridi alikuwa ameona vizimba vingi vya kuzuia wezi, vya nondo zilizopachikwa ovyo, lakini hiki kilimfanya asimame kidogo. Kilikuwa cha chuma cha pembe nne, kona zimesuguliwa hadi laini, ubavuni kuna maua yaliyokunjwa kwa nondo nyembamba. Mbele kulikuwa na mlango wa bati zito lililopakwa rangi ya krimu, na juu ya bati limechorwa jina la duka kwa herufi za mviringo, na keki ya ghorofa tatu chini yake. Kufuli lilikuwa kubwa kuliko ngumi.

"Mume wangu ndiye aliyekitengeneza," Mama Keki akasema, na sauti yake ikalainika. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake mtaa wa pili, na watu walimwita Cheche. Mashine ya kwanza ya duka ilikuwa imeibiwa kabla hata ya kumaliza mwezi. Mama Keki alilia siku nzima. Cheche alikwenda karakana, akajifungia, akarudi na kizimba hiki kwenye mkokoteni, kimeshapakwa rangi. "Hajawahi kuniandikia hata barua," Mama Keki akasema. "Hiyo ndiyo barua yangu."

Akafungua kufuli. Mlango ukafunguka bila kelele. Fundi Baridi akachuchumaa, akakuta mapezi yamefunikwa na utando wa vumbi uliochanganyika na sukari ya unga, umeshikana kama zulia. Moyo ukamtulia. Akazima umeme, akapiga maji taratibu kutoka ndani kuja nje, akanyoosha mapezi yaliyolala, akapaka feni mafuta. Alipowasha, geji ilisoma vizuri na feni ilipuliza kwa nguvu. Akafunga kila kitu, akanawa, akaondoka akipiga mluzi.

Siku zilizofuata zilikuwa za mawingu. Mama Keki alipiga simu kushukuru, akampigia debe kwa wenye maduka wote wa jengo lile. Kisha mawingu yakaondoka, jua likarudi na hasira zake, na simu ikalia tena.

"Fundi, imelala."

Alifika akitoka jasho. Mashine ilikuwa kimya. Akafungua kizimba, akasimama mbele yake mikono kiunoni, akaanza kuwaza. Alikuwa hajagusa hata bisibisi mashine ilipojiwasha yenyewe. Akaunganisha geji: sawasawa. Akapima umeme: sawasawa. Akakaa pale muda mrefu akiisubiri ikosee, na yenyewe ikaendelea kuunguruma kwa adabu, kama mtoto mtundu anayekuwa malaika akimwona mgeni.

"Imekuona ikaogopa," Mama Keki akasema, lakini hakucheka.

Fundi Baridi akafunga kufuli, akaondoka. Hakupiga mluzi. Hakuwa amefika mbali simu ilipolia tena. Mashine ilikuwa imelala tena. Akaomba apewe hadi kesho. Kesho yake ndiyo siku Mama Keki alikuwa anaijenga keki kubwa ya harusi, ya kuchukuliwa asubuhi ya keshokutwa. Alimwambia hivyo kwa sauti ya chini, bila lawama, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi.

Nyumbani alimkuta baba mkwe barazani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akaketi pembeni, akamsimulia yote tangu mwanzo, vumbi, sukari, geji, mashine iliyofufuka bila kuguswa. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Hiyo mashine inapougua imevaaje?" akauliza.

"Imevaaje kivipi, Baba?"

"Wewe umesema ina kizimba chenye mlango. Unapoipima wewe, umeuvua huo mlango. Mimi nikienda kwa daktari nimevaa koti linalonibana, nikafika kwake nikalivua, atasema sina ugonjwa. Mpime mtu na koti lake."

Fundi Baridi akaanza kuhesabu kwa vidole. Kila fundi aliyekwenda pale alifungua kufuli kwanza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, na yeye mwenyewe mara mbili. Wote walikuwa wanaipima mashine ikiwa huru, na kumwachia Mama Keki mashine iliyofungwa.

"Baba, kwa nini hukuniambia hili siku zote?"

"Hukuniuliza. Hebu niongezee maji ya moto."

Kesho yake alikwenda mapema na hakuomba ufunguo. Mama Keki alikuwa ameshasimamisha ghorofa mbili za keki ya harusi na anaipaka krimu ya tatu. Fundi Baridi akaomba kitu kimoja tu, kipande cha utepe mwembamba. Akakatiwa mwekundu. Akaufunga kwenye ncha ya waya mrefu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uchochoroni, akangoja jua lipande.

Mipira ya geji aliipitisha katikati ya maua ya chuma. Asubuhi mshale wa geji ulikaa mahali pake. Jua lilipoanza kugonga ukuta, mshale ukaanza kupanda kidogokidogo, kama mtu anayepanda ngazi asisikike. Ndipo akaingiza waya kwenye upenyo wa ubavuni, utepe ukafika mbele ya feni. Ulitakiwa kuruka mbele, kwenda zake. Badala yake uliruka hadi kwenye bati, ukagonga, ukajikunja, ukateleza ubavuni mwa mashine na kurudi nyuma, ukanyonywa na mapezi. Akauchomoa, akajaribu juu. Ukafanya vilevile. Akaweka kiganja nyuma ya mashine, mahali ambapo hewa ya nje ilipaswa kuingia. Ilikuwa ya moto kama pumzi ya jiko.

Mashine ilikuwa inavuta joto lake yenyewe. Inalitupa, bati linalirudisha, inalivuta tena likiwa limezidi, inalitupa tena. Asubuhi ilistahimili. Alasiri ilishindwa. Na kitu chenyewe kilichokuwa kinaizuia kilikuwa bati la rangi ya krimu lenye herufi za mviringo.

Kompresa ikakata mbele ya macho yake. Akafunga waya wake, akaingia dukani.

Mama Keki alimsikiliza bila kuinua macho kwenye krimu. Fundi alipofika kwenye habari ya bati, mkono wa Mama Keki ukasimama.

"Hilo usiliguse," akasema.

"Dada, sisemi litupwe."

"Afadhali keki zilale."

Wakatazama wote wawili ile ya harusi. Waridi la kwanza pale juu lilikuwa limeanza kuinamisha shingo. Mama Keki akakaa kitini, jambo ambalo hakuwahi kufanya mchana. "Fungua kizimba kwanza, keki ipone," akasema. "Halafu mwambie wewe. Mimi siwezi."

"Mume ni wako."

"Mashine ni yako."

Cheche alipoitwa alikuja amevaa aproni ya ngozi, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, vidole vimechubuka kwa moto. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache. Fundi Baridi alimsalimia, akauzunguka ukweli mara moja, akaona haina maana, akapiga moyo konde.

"Kaka, kizimba chako kimezuia wezi. Lakini kimezuia na hewa."

Cheche akakitazama kizimba, kisha akamtazama yeye. "Nimeacha matundu."

"Umeacha. Lakini mbele umefunga, na mbele ndiko inakotemea."

"Mbele ndiko wezi wanakoingilia."

"Najua."

Fundi Baridi alikuwa ameona mafundi wakigombana kwenye majengo, kila mmoja anamtupia mwenzake kosa, na hakuna ugomvi aliouchukia kuliko huo. Aliufunga ule mlango, akamwonyesha nyuma ya mashine. "Weka mkono hapo, kaka. Usinisikilize mimi."

Cheche akaweka. Alikuwa mtu anayeshika chuma cha moto kila siku, lakini nyusi zilimpanda. Fundi akaufungua mlango. Wakangoja. "Weka tena." Akaweka, hewa ilikuwa imetulia, ya kawaida. Cheche akaufunga mlango mwenyewe, akaweka mkono. Akaufungua, akaweka. Akaufunga. Alirudia hivyo hadi Fundi Baridi akarudi kukaa kwenye ndoo yake, kwa maana aliona kazi yake imekwisha na mtu huyu anajifundisha mwenyewe.

Mwishowe Cheche akaegemea ukuta. "Kwa hiyo muda wote huu," akasema, "krimu yake nilikuwa naiyeyusha mimi."

"Ni kizimba."

"Kizimba kimejitengeneza?"

Dirisha la duka lililokuwa juu ya vichwa vyao lilikuwa wazi, na Mama Keki, ambaye alikuwa amejifanya hasikii, akatoa kichwa. Mkononi ameshika mfuko wa krimu, ncha imegeuzwa juu isidondoke.

"Baba watoto," akasema, "ulisema mwizi hatarudi, na hajarudi. Neno lako ulilitimiza. Mimi nimelala usingizi kwa sababu ya hilo bati."

Cheche akakuna ndevu. "Na kunipikia maharagwe mabichi wiki nzima, ile keki yako ya kanisani ilipolala? Nilidhani una hasira na mimi."

"Nilikuwa na hasira na gesi."

Fundi Baridi akageuka kuangalia upande mwingine, akikaza midomo. Aliposikia Cheche anacheka, na yeye akaacha kujizuia, akacheka mpaka geji ikagongana na vifungo vya ovaroli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Cheche akauliza, "Inataka nafasi kiasi gani mbele?" Fundi akanyoosha mkono wote. "Nyuma?" Akaonyesha kiganja na nusu. "Juu?" "Juu iache wazi, weka nondo tu." Cheche hakuandika kitu. Alipima kwa shibiri zake, akaenda karakana, akarudi na grenda ya kukatia chuma, nondo na mtungi wa gesi ya kuchomelea. Alasiri yote uchochoro ulikuwa moshi na mwanga, na mashine ikiwa wazi iliendelea kupuliza, chumba kikapoa, na waridi lililoinama likabadilishwa na jipya. Bibi jirani wa nyumba ya pili alitoka kulalamika kelele, akaelezwa, akabaki pale kusimamia kazi kana kwamba ndiye aliyeitoa.

Cheche alilikata bati kwa upole wa ajabu, akifuata fremu, bila kugusa hata ukingo wa herufi moja. Mlango mpya akaufanya wa nondo zilizopishana kwa mapana ya mkono. Alipoona zimenyooka sana akazikunja katikati zitoke mbele kidogo, kama tumbo la mtungi, ili feni ipate nafasi zaidi. Hilo halikuwa wazo la Fundi Baridi. Alilitazama akatamani angelifikiria yeye.

"Hewa haitakutana na kitu mpaka upande wa pili wa uchochoro," akamwambia.

"Na mwizi atakutana nayo ikiwa ya moto usoni," Cheche akasema.

Bati wakaliegemeza ukutani, wakalitazama. Mama Keki akatoka, akafuta mikono. Ilikuwa mara ya kwanza kulitazama likiwa mbali na mashine, na bila shaka ndipo wote watatu walipogundua jambo moja la kuchekesha. Tangu siku kizimba kilipoletwa, jina la duka lilikuwa limeandikwa uchochoroni, kimo cha goti, mahali ambapo wasomaji wake wakubwa walikuwa paka. Mbele ya duka, barabarani, hapakuwa na maandishi yoyote.

"Niliweka pale mwizi ajue ni la nani," Cheche akajitetea.

"Sasa tuwaambie na wateja," mkewe akajibu.

Cheche akalipandisha juu ya mlango wa duka kabla giza halijaingia, kwa ngazi ya Fundi Baridi, na fundi mwenyewe ameishika chini, akimwelekeza: kulia kidogo, limelala, sasa sawa.

Kesho yake mchana, saa zile mbaya, Fundi Baridi akarudi peke yake. Keki ya harusi ilikuwa imeshachukuliwa, imesimama wima. Hakufungua kufuli. Akapitisha mipira ya geji kwenye nondo, akangoja. Mshale ulipanda kidogo, kwa sababu jua ni jua, kisha ukatulia na kukataa kusogea. Akausogeza utepe mbele ya feni, nao ukanyooka hadi ukawa mgumu kama kijiti, ukielekeza upande wa pili wa uchochoro. Huko bibi jirani alikuwa ameshatundika nguo zake kwenye kamba, zinapepea kwa joto la bure. Walisalimiana kwa kichwa. Hakuna aliyetaja kelele za jana.

Cheche akawa mtu wa kumpigia simu. Mtu akimwagiza kizimba cha mashine, alikuwa hakati nondo hata moja kabla ya kuuliza, "Fundi, hii inatemea wapi?" Na Fundi Baridi, akikuta mashine imezibwa na ukuta, au na mabanda, au na mapambo ya mtu, alijua pa kumpata mtu wa kumrekebishia bila kumvunjia heshima mwenye nyumba. Walifanya kazi pamoja mara nyingi, wakisemeshana kwa nadra. Mara moja walikuta mashine tatu za ofisi zimewekwa mstari mmoja, kila moja inampulizia mwenzake mgongoni, ya mwisho ikipokea joto la zote. Cheche aliitazama hiyo ya mwisho muda mrefu. "Huyu ndiye kitinda mimba," akasema, na wakaanza kuigeuza.

Mvua za mwaka huo zilichelewa, lakini zilipofika zilifika kweli. Simu zikanyamaza, kama kawaida ya kazi hiyo. Hakuna anayemkumbuka fundi wa baridi wakati baridi inagawiwa bure. Siku moja ya mvua kinyozi alifunga kibanda chake mapema, akarudi nyumbani amelowa, akamkuta mkewe amejilaza kitandani mchana, mikono chini ya kichwa, dirisha wazi.

"Unaumwa?" akamuuliza.

"Sina kazi."

"Na unatabasamu."

"Njoo ulale upande huu," akamwambia, akisogea. "Hewa inaingilia hapa, inatokea mlangoni. Mimi sijagusa kitu."

Kinyozi akavua viatu. Barazani Mzee Geji alikuwa anamweleza jirani kuhusu mkwe wake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio juu ya ngazi, na jirani anaitikia ndiyo, ndiyo. Fundi Baridi alisikiliza kidogo, akaona Mzee anatia chumvi, akamwacha atie. Alikuwa amelala kabla Mzee hajafika mwisho.